Sura ya Sita: Meno 41 kwa Meno 9

Mnunuzi wa pikapu anayezunguka kwa wauzaji wa magari kando ya Ngong Road huwa na maswali yake tayari. Injini ni gani, imetembea kilomita ngapi, ina tabo au haina, logibuku iko kwa jina la nani. Ni nadra kumsikia akiuliza difu ni ya ngapi. Wiki chache baadaye amefungiwa ndoano ya trela nyuma, na malalamiko yanaanza: gari halivuti. Fundi atabadilisha filta, atasafisha nozeli, ataongeza dizeli kwenye pampu mpaka moshi mweusi ujae barabara, na bado gari halivuti. Injini inalaumiwa bure. Penye shida ni nyuma kabisa, ndani ya difu, ule uvimbe wa chuma ulio katikati ya ekseli, ambao mwenye gari huukumbuka tu siku unapoanza kuvuja oili.

Ndani ya uvimbe huo kuna gia mbili zinazoamua mengi. Propela inayotoka kwenye giaboksi inaishia kwa gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni inasukuma gurudumu kubwa la meno, krauni, na krauni ndiyo inayozungusha shafti za magurudumu ya nyuma. Pinioni ikiwa na meno 10 na krauni meno 41, propela itazunguka mara 4.1 ndipo tairi lizunguke mara moja. Pinioni ya meno 9 kwa krauni ya meno 41 inatoa 4.556. Pinioni ya 11 kwa krauni ya 43 inatoa 3.909. Difu hizi tatu zote zimefungwa kwenye Toyota Hilux za miaka mbalimbali, na mtu akizitazama kwa nje hawezi kuzitofautisha.

Namba ikipanda, injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, na msokoto unaofika kwenye tairi unaongezeka. Uwezo wa injini haujaongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni namna unavyotumika: mwendo umepungua, mvuto umepanda. Msukuma mkokoteni wa Kawangware anayepanda na mitungi ya maji kutoka bondeni hafuati barabara moja kwa moja. Anaikata upande huu, kisha upande ule, safari inarefuka lakini kila hatua inamdai nguvu kidogo. Difu ya 4.556 inaitendea injini vivyo hivyo. Mafundi huziita difu za namba kubwa difu za kuvuta na za namba ndogo difu za mbio, na nitatumia maneno hayo hapa kwa sababu hayamchanganyi mtu.

Sasa, Nairobi si Mombasa, na hapo ndipo mashauri ya kuvuta trela yaliyoandikwa kwa madereva wa nchi za tambarare yanapotupotosha. Kibera na Kawangware ziko kama mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Ukijumlisha, pikapu ya namna hiyo ikifika Nairobi imeacha njiani karibu asilimia 17 ya kile ilichokuwa nacho Mombasa. Ndiyo sababu pia ule ujanja wa kuongeza dizeli kwenye pampu hausaidii. Kinachokosekana ni hewa, na dizeli isiyopata hewa ya kutosha hugeuka moshi.

Tufanye hesabu, kwa kuwa bila hesabu jambo hili hubaki la kubahatisha. Chukua Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 5L, lita 3, isiyo na tabo. Msokoto wake wa juu kabisa ni kama newtoni-mita 200. Pikapu pamoja na dereva na vitu vyake ina kilo 1,800, trela na mzigo kilo 1,500, jumla kilo 3,300. Mbele yake kuna mwinuko wa asilimia 10, yaani kwa kila mita 100 unazokwenda unapanda mita 10. Kuushinda mwinuko huo, pamoja na ukinzani wa tairi kwenye lami, kunahitaji newtoni 3,700 hivi za mvuto. Tairi likiwa na sentimita 35 kutoka katikati hadi chini, ekseli lazima itoe msokoto wa karibu newtoni-mita 1,300.

Gia ya pili ya giaboksi nyingi za Hilux za enzi hiyo ni kama 2.14, na tuseme asilimia 15 inapotelea kwenye msuguano wa gia. Mombasa, injini hiyo kwa difu ya 4.1 inafikisha kwenye magurudumu newtoni-mita 1,490 hivi. Inapanda kwa gia ya pili bila taabu. Ilete Nairobi, msokoto wa injini ushuke hadi 166 hivi, na kwenye magurudumu unabaki na 1,240 tu. Haitoshi. Dereva analazimika kurudi gia ya kwanza. Fungia gari hilohilo difu ya 4.556, na hesabu inarudi juu hadi 1,375 hivi. Sasa gia ya pili inaweza.

Tofauti hiyo ni kubwa barabarani. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, pikapu ya difu ya 4.1 katika gia ya kwanza inakwenda kama kilomita 20 kwa saa. Ile ya 4.556 katika gia ya pili inakwenda 32. Difu ambayo kwenye karatasi inapunguza mwendo ndiyo inayofika juu mapema, kwa kuwa inamruhusu dereva kubaki kwenye gia iliyo juu zaidi. Nimekutana na madereva wengi wasiokubali jambo hili mpaka waonyeshwe kwa kalamu. Na tazama tena zile asilimia: ukitoka difu ya 3.909 ukaenda 4.556, unapata ongezeko la karibu asilimia 17. Ongezeko hilo linarudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko wa Nairobi ulikuwa umeinyang'anya injini.

Kwa watu wa mitaa hii, kuvuta ni kazi ya kila siku, na mara nyingi hakuna lori. Mwenye kukodisha mahema na viti vya harusi na matanga anavuta trela. Mjenzi anaburuta mashine ya kuchanganya zege kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Mtu wa kuchomelea anavuta jenereta. Maji ya mfereji yakikatika kwa siku kadhaa, pikapu yenye tangi la trela inakuwa mali. Kazi zote hizi zina sura moja: mwendo mfupi, kusimama kila mara, kuondoka tena na mzigo. Naivasha Road kuanzia Dagoretti Corner kupitia Satellite hadi Kawangware haimpi dereva nafasi ya kushika kasi. Matatu inasimama mbele yake, bodaboda inapenya kushoto, mwenye mkokoteni anavuka. Kibera nayo ardhi inateremka kutoka Kibera Drive na reli kuelekea bonde la Motoine na Nairobi Dam, na kila kilichoshuka kikiwa kimebeba lazima kipande kurudi. Barabara iliyokatwa katikati ya mtaa kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, ile ambayo maelfu ya watu walibomolewa nyumba Julai 2018 ili ipite, imerahisisha safari, lakini bonde halikuondolewa.

Kwenye kuondoka ndipo difu ya mbio inapomgharimu mtu pesa. Injini ikiwa chini, mizunguko 1,000 au 1,200, haijafika kwenye msokoto wake wa juu. Gari likiwa kwenye mwinuko na trela linavuta nyuma, dereva hana njia ila kukanyaga mafuta na kuiachia klachi polepole, isugue mpaka gari lisogee. Mara moja si kitu. Mara 40 kwa siku, klachi inanuka, sahani yake inaisha kabla ya wakati, na mwenye gari analipa sahani mpya na kazi ya kushusha giaboksi. Ukimwona mtu anabadilisha klachi kila mwaka kwenye pikapu ya kuvuta, mwambie akague difu kabla ya kumlaumu dereva.

Difu ya kuvuta ina gharama yake, nayo isifichwe. Tairi la mfano wetu linakwenda mita 2.2 kwa mzunguko. Kwa kilomita 80 kwa saa katika gia ya nne, ambayo kwa kawaida ni moja kwa moja, injini yenye difu ya 3.909 inazunguka kama mara 2,370 kwa dakika. Yenye 4.556 inazunguka 2,760. Kelele inaongezeka, na dizeli inayotumika kwenye barabara tambarare inaongezeka pia. Mtu ambaye kazi yake ni kupeleka mzigo mwepesi Mombasa na kurudi, asidanganywe na sura hii. Abaki na difu yake ya mbio. Lakini kwa anayezunguka kati ya Kawangware, Kangemi, Kibera na Ngong, gharama hiyo haimgusi sana, maana kilomita 80 kwa saa haifikii. Na hata kwenye barabara kuu, atakuwa nyuma ya matatu na malori ambayo kanuni za Waziri John Michuki za 2004 ziliyafungia gavana ya kilomita 80.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi vya kutosha: kuteremka. Kutoka Kiserian, ukipita Corner Baridi kuelekea Magadi, barabara inashuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka ziwani, mita 600 hivi juu ya bahari. Njia ya Mai Mahiu nayo inaporomoka kutoka nyanda za Limuru. Hapo injini inapaswa kulishikilia gari, na difu ya namba kubwa inalishikilia zaidi kwa gia ileile. Breki zinapumzika, hazichemki. Kwangu mimi sababu hii peke yake ingetosha kwa mtu anayevuta trela kwenda Magadi au Narok.

Pikapu za kisasa zenye tabo zinabadilisha hesabu. Tabo inaisukumia injini hewa, kwa hiyo wembamba wa hewa ya Nairobi unafidiwa kwa sehemu kubwa. Hilux za injini ya 2GD, lita 2.4, zinafikia newtoni-mita 400 kwenye matoleo mengi, mara mbili ya 5L ya zamani. Isuzu D-Max zinazounganishwa hapa Nairobi, kwenye kiwanda cha Mombasa Road kilichokuwa cha General Motors kabla ya Isuzu kukichukua mwaka 2017, nazo zina tabo. Gari la namna hiyo lina msokoto wa ziada, na difu ya kiwandani kwa kawaida inatosha mzigo ambao kiwanda kimeuruhusu. Sioni sababu ya kulifungua. Tatizo lake ni kwamba tabo haijaanza kusukuma injini ikiwa chini kabisa, hivyo kuondoka mlimani na trela bado kunahitaji mguu wenye utulivu. Wenye haja kubwa ya difu ya kuvuta ni wale wenye Hilux za injini za 2L, 3L na 5L, na Isuzu kuukuu zisizo na tabo, magari ambayo bado yamejaa kwenye gereji za mitaa hii kwa sababu yanatengenezeka.

Kabla ya kununua chochote, tazama tairi. Watu wanapenda tairi kubwa kwa ajili ya matope na mabonde ya barabarani, na wanaofunga tairi kubwa hawajui kuwa wamebadilisha difu. Pikapu iliyokuwa na tairi la mita 2.2 kwa mzunguko ikifungwa la 265/70R16, lenye kama mita 2.44, ile difu ya 4.556 inafanya kazi kama ya 4.1. Umelipia krauni na pinioni mpya, kisha tairi limekurudisha ulikotoka. Kwa pikapu ya kuvuta isiyo na tabo, ningerudisha kwanza tairi la kipimo cha kiwanda na kuvuta nalo mwezi mzima. Wapo watakaogundua hawakuhitaji kitu kingine.

Hatua inayofuata ni kujua uliyonayo. Bamba la chuma ndani ya chumba cha injini cha Toyota lina mstari wa giaboksi na ekseli wenye herufi na namba za siri, na muuzaji spea mzoefu anaweza kuzisoma. Lakini pikapu nyingi zimeshafunguliwa na kufungwa mara kadhaa, ekseli zimehama kutoka gari hili hadi lile, na bamba halijui hayo. Njia ya uhakika haigharimu kitu. Simama mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, weka gia kwenye nyutro, achia handibreki, inua gurudumu moja la nyuma na kulisimamisha juu ya stendi, jingine libaki chini. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Zungusha tairi lililo juu mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Kwa kuwa gurudumu la upande wa pili limesimama, mizunguko 20 ya tairi ni sawa na 10 ya krauni. Propela ikizunguka 41, difu ni 4.1. Ikizunguka 45 na nusu hivi, ni 4.556. Ikiwa 39 na kitu, ni 3.909. Hesabu hii inaenda sawa kwa difu ya kawaida, isiyo na kifaa cha kuyafunga magurudumu yaende pamoja.

Fanya hivyo pia kwa difu unayotaka kununua. Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, muuzaji atakuuliza moja kwa moja: ya 41 kwa 10 au ya 41 kwa 9? Namba za meno mara nyingi zimegongwa kwenye chuma chenyewe. Hesabu kwa kidole hata hivyo. Ni kazi ya dakika tano.

Pikapu yenye gia ya magurudumu manne inahitaji tahadhari ya pekee, na hapa sitapunguza ukali wa maneno. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe za uwiano mmoja. Ukibadilisha ya nyuma peke yake kisha ukaunganisha magurudumu manne kwenye lami, ekseli mbili zitang'ang'aniana, moja ikitaka kwenda haraka kuliko nyingine, mpaka kitu kivunjike: shafti, giaboksi ndogo ya kugawa mwendo, au mnyororo uliomo ndani yake. Ama ubadilishe zote mbili, ama usiguse yoyote.

Kufunga kwenyewe kunahitaji fundi wa difu, na si kila makanika ni fundi wa difu. Kwenye Hilux nyingi kazi inaanza vizuri, maana ukishavuta shafti za pembeni, sehemu ya ndani yote inatoka kwa mbele ikiwa kipande kimoja. Watu wengi hununua kipande hicho kizima kutoka gari lililovunjwa, kikiwa kimepangwa tangu kiwandani, na kwa mwenye pesa chache hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Anayenunua krauni na pinioni peke yake azinunue kwa jozi. Zilisagwa pamoja zikazoeana, na mara nyingi zina namba moja inayofanana. Pinioni ya jozi hii kwa krauni ya jozi ile italia kama king'ora kabla hujafika Dagoretti Corner. Nafasi kati ya meno yao hupimwa kwa sehemu ya mia ya milimita, kwa saa ya kupimia, na mguso wa meno hukaguliwa kwa rangi. Fundi akipaka rangi kwenye meno, akazungusha, akaangalia alama imeangukia wapi, uko mahali pazuri. Fundi anayetikisa kwa mkono na kusema iko sawa, mshukuru na uchukue vyuma vyako.

Kuna kitu kimoja ambacho difu haikibadilishi, nacho kinaua watu. Tangi la lita 1,000 likijaa maji lina uzito wa tani moja kabla hujahesabu chuma cha trela. Kwa pikapu nyingi, trela lisilo na breki zake halipaswi kuzidi kilo 750. Difu mpya itakuwezesha kuvuta tani moja na nusu kutoka bondeni Kibera, na hapo ndipo hatari inapozaliwa, maana sasa unaweza kupanda na kitu usichoweza kusimamisha. Trela lenye uzito huo lifungwe breki. Tangi liwe na kuta za ndani za kuzuia maji yasikimbie mbele na nyuma, kwa sababu tangi lililojaa nusu linasukuma gari wakati dereva anakanyaga breki. Mzigo upangwe ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela ikae juu ya ndoano. Wachomeleaji wa Kawangware wanaunda matrela imara kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, na wanaweza kuzifunga ekseli zenye breki kama mteja akidai. Mteja adai. Barabara wanayoshukia ina watoto wanaotoka shule.

Gari likishatoka gereji, dashibodi itasema uongo. Kwenye pikapu nyingi kipima mwendo kinachukua mzunguko wake kwenye giaboksi, kabla ya difu, hivyo ukitoka 4.1 kwenda 4.556 kitaonyesha kilomita 80 wakati gari linakwenda 72. Kilomita za kubadilishia oili nazo zitahesabiwa kupita kiasi. Kuna gia ndogo ya plastiki ya kurekebisha, na fundi wa difu anaijua.

Difu mpya isipewe trela siku ya kwanza. Meno yanahitaji kilomita 800 hivi bila mzigo, kwa mwendo wa kupanda na kushuka, huku yakipumzishwa yapoe baada ya safari fupi za mwanzo. Weka oili ya difu ya daraja la GL-5, na baada ya kilomita hizo imwage ikiwa bado moto. Itatoka na vumbi laini la chuma la rangi ya fedha, nalo ni la kawaida. Ukipata kipande unachoweza kukishika kwa vidole viwili, rudi kwa fundi kabla ya kufunga trela.